Vipele Viwili Vilivyopungua

Salha, kama hiyo simu imeshaanza kurekodi, isogeze huko, usinitie puani. Sauti yangu haina haja ya kusaidiwa. Marehemu mume wangu alikuwa akinisikia akiwa msikitini, na msikiti wenyewe uko mtaa wa pili.

Haya. Asalaam alaykum, wanangu. Mmesema kwa kuwa nastaafu, basi nikae hapa niwahadithie kazi hii ya kufuma mikoba nimeifanyaje miaka yote. Mimi najua mnachotaka. Mnataka kusikia kwamba Bi Mize hajapata kukosea hata siku moja, ili mkitoka nje mseme ndiyo maana hana huruma na makosa ya watu. Poleni. Nimekosea kuliko nyote humu ndani mkijumlishwa, na kosa langu kubwa halikuwa la uzi. Kuna msichana alitolewa katika chumba hiki hiki kwa sababu yangu. Kapoteza kazi aliyoipenda, na mimi nikakaa kimya nikaendelea kufuma. Hilo nitalisema leo, nimeshakula yamini. Lakini msinikimbize. Tuanze na uzi kwanza, maana mtu asiyejua uzi hata makosa yake hayafai kusikilizwa.

Uzi wa mkoba ni pamba. Kila mwenye duka atakwambia wake ni pamba, hata kama kakushikisha kamba ya kufungia ng'ombe. Usibishane naye. Kata kipande, kichome. Pamba huungua ikanuka karatasi, ikabaki jivu la kupuliza likapotea. Nailoni huyeyuka, ikajikunja, ikafanya kidonge cheusi kigumu. Hilo nilifundishwa siku yangu ya kwanza. Siku ya pili nikaingia sokoni hapa Wete na kibiriti changu, nikachoma uzi ndani ya duka la watu, sijanunua, sijaomba ruhusa, na pembeni kuna marobota ya kanga. Mwenye duka alinifukuza mpaka kwa wauza machungwa. Kwa hiyo kumbukeni mpango wake: unanunua kidogo, unatoka nje, ndipo unachoma.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Salma, mwenye chumba hiki. Nyinyi hamkumkuta. Mfupi, mnene, miwani yake ilivunjika mkono mmoja akaufuma mwingine kwa uzi, akauvaa hivyo hivyo mpaka anakufa. Hakuwa akisema "vizuri." Unampelekea kazi, anaigeuza, anaivuta pembe, anaiangalia kwenye mwanga. Akisema "Mm," basi hiyo ndiyo sifa yako, nenda kanywe chai. Akisema "Mh!", kaa kitako ufumue. Mimi mwezi wa kwanza sikunywa chai kabisa.

Na alikuwa na sheria moja. Mkoba ukirudishwa na mteja mara tatu kwa makosa yako, na wewe unarudi kwenu. Kwetu mimi ni Kiuyu, na huko kulikuwa na mama wa kambo, na jembe, na shamba la muhogo ambalo lilikuwa haliishi magugu. Mama wa kambo alikuwa ameshanitundikia jembe langu mlangoni, ananisubiri. Sikuwa na haja ya kuambiwa mara mbili.

Chumu alitoka Tumbe. Tulikuja Wete mwaka mmoja, tukawa tunalala kwa shangazi yake, kitanda kimoja, tukigombania upande wa ukutani. Kwao ni dagaa. Mama yake alikuwa akinunua dikoni, pale mashua zinaposhusha samaki, anachemsha, anaanika, anauza. Chumu alinionesha vidole vyake siku ya kwanza, vimechanjika kwa chumvi kila pahala. "Mize," kaniambia, "mie nikirudi Tumbe narudi kwenye chumvi. Humu sitoki." Akishika uzi mpya wa pamba alikuwa akiupitisha shavuni kwanza kabla hajaanza kazi. Sijaona mtu aliyeupenda uzi namna ile. Na alikuwa fundi kuliko mimi. Limeniuma kulisema, lakini ndivyo.

Sasa tuje kwenye vipele.

Najua nyinyi kwenye simu zenu mna majina mengi ya mishono, na kila jina lina nyota na mioyo mbele yake. Sisi tulikuwa na ule mshono unaotokeza nje vinundu vinundu, mkoba ukawa na uso wa kupapasa. Bi Salma aliuita vifundo. Sisi wasichana tuliuita vipele, na yeye mwenyewe akishasahau anaita vipele. Unaingiza sindano hii ya ndoana tundu moja mara tano, na kila mara humalizi, unaacha kitanzi kimoja kwenye sindano. Vikishajaa unavuta uzi upite katika vyote kwa mpigo mmoja, unakaza. Hapo kipele kinavimba. Lakini angalieni: kinavimba upande wa pili, ule usioutazama. Unafuma hukioni, unakisukuma kwa kidole kitokeze kule. Kwa hiyo ukikosea hujui, mpaka ugeuze kazi. Msichana mwenye mdomo mrefu hugeuza kazi mara moja kwa siku, na mimi nilikuwa na mdomo mrefu. Cheka, Salha, cheka. Na wewe mkoba wako wa jana una kipele kimekwenda likizo.

Kosa langu la kwanza la kurudishwa lilikuwa mkono wa mkoba. Niliufumia mkoba mwalimu mmoja wa skuli. Umetoka hapa unamgusa kiunoni, maridadi. Baada ya wiki mbili kaja, kasimama pale mlangoni, hakunisalimu wala hakunitukana. Kauachia tu mkoba uning'inie kutoka begani nijionee mwenyewe. Ulikuwa magotini. Pamba huvutika, wanangu, na ukitia ndani yake madaftari na chaki na embe mbili, ndiyo basi tena. Tangu siku hiyo mkono naufuma kwa sindano nyembamba kuliko ya kiwiliwili, vitanzi nimevibana, halafu nashonea utepe kwa ndani. Na kiwiliwili nakifua kwanza kabla ya bitana, maana pamba ikifuliwa mara ya kwanza hunywea. Ukitia bitana kabla, mkoba utakunjamana na hautanyooka tena.

Bi Salma kaninyooshea kidole kimoja. "Moja," kasema.

La pili, niseme kweli, halikuwa kosa. Nilikusudia. Zamani bitana tulikata kanga kuukuu, na kanga ina maneno, na maneno mengine si ya kumtilia mtu mkobani. Kulikuwa na mteja mmoja, mama mtu mzima wa hapa mjini, akiingia humu anasema sabalkheri kwa Bi Salma, sabalkheri kwa Chumu, mimi ananiruka. Kila siku. Sijui kanionaje. Basi mkoba wake nikautilia bitana ya kanga yenye maneno ambayo siwaambii, kwa kuwa Salha anarekodi. Nikayapanga maneno yakae chini kabisa, katikati, ayaone siku akitafuta funguo. Jamani, hakutafuta funguo. Alikwenda nao msibani. Kaufungua mbele ya wanawake wenzake atoe leso ya kufutia machozi, na waliokaa pembeni wakasoma.

Bi Salma alinipa mgongo nisimwone uso, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kisha kageuka, uso mkavu. "Mbili," kasema.

Kwa hiyo siku Bwana Shaame alipoingia kwenye chumba hiki, mimi nilikuwa nimebakisha moja tu.

Bwana Shaame alikuwa na pikapu ya kubebea samaki, kutoka Tumbe mpaka hapa. Alikuwa na wake wawili, Bi Asha hapa Wete, Bi Rehema kule Kiuyu. Alikuwa mtu mwema, anamwogopa Mungu, na wake zake pia anawaogopa, sijui nani zaidi. Kila anachonunua ni viwili. Thermosi mbili, mazulia mawili, miamvuli miwili. Mapapai alikuwa akiyapimisha kwenye mizani, na lile lililozidi analimega kwa kisu, kipande anakula yeye njiani ili haki itimie.

"Bi Salma," kasema, kofia kaishika mkononi, "kuna arusi ya binti wa kaka yangu. Wake zangu wote wawili wanakwenda. Nataka mikoba miwili midogo, ya kutia leso na kichupa cha marashi. Rangi ya maziwa. Na iwe sawasawa."

"Itakuwa sawasawa."

"Na vile vinundu vyake idadi moja."

"Kwani watavihesabu?"

Bwana Shaame kamtazama kwa huruma. "Wewe, bibi yangu, hujaonja uke wenza."

Bi Salma kapanga: vipele mia na ishirini kila mkoba. Sitini mbele, sitini nyuma, mistari sita, kila mstari kumi. Mmoja nifume mimi, mmoja afume Chumu. Na kila mmoja wetu alikuwa na alama yake, uzi wa rangi uliofungwa ndani chini ya bitana, ili mkoba ukirudi ijulikane ni kazi ya nani. Alama yangu ilikuwa nyekundu. Ya Chumu kijani.

Chumu alifuma kimya, anahesabu kwa pumzi. Mimi nilikuwa nikiwahadithia wenzangu habari ya bwana arusi mmoja aliyesinzia wakati wa kuozeshwa, shehe anamuuliza anakubali au hakubali, yeye anakoroma. Nilikuwa naigiza kukoroma kwenyewe. Na mkono unakwenda. Mstari wa pili wa upande wa nyuma ukapita na vipele vinane, na kwa kuwa nilivitawanya vizuri, jicho halikuona kitu.

Nilikuja kujua asubuhi ya siku ya kuchukuliwa. Mkoba umeshaunganishwa, bitana imeshatiwa, mkono umeshashonwa, na Bwana Shaame anakuja baada ya adhuhuri. Nilikuwa naupapasa tu kwa kuusifu. Kumi. Nane. Nikarudia. Nane. Kufumua mpaka mstari wa pili ni kuubomoa mkoba mzima.

Nikajiambia, nani atahesabu vipele vya uzi? Halafu nikajiambia, na akihesabu? Chumu alikuwa amekwenda mferejini. Hana kosa hata moja, nikajiambia, wake ukirudishwa utakuwa wa kwanza tu, na Bi Salma anampenda. Nikafungua pembe ya bitana ya mkoba wangu, nikafungua ya mkoba wake. Nikabadilisha nyuzi. Kijani huku, nyekundu kule. Nikashona tena. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Chumu karudi na ndoo yake kichwani, kaniuliza mbona natokwa jasho. Nikamwambia joto.

Arusini nilikwenda, nani asiyekwenda arusini? Wake wa Bwana Shaame walikaa mkeka mmoja, bega kwa bega, wanachekeana meno yote yako nje. Kila mmoja na mkoba wake mapajani. Nikatazama vidole vyao. Vilikuwa vinatembea juu ya mkoba polepole, kipele baada ya kipele, kama mtu anavyovuta tasbihi. Wote wawili! Wanaimba nyimbo za arusi na huku wanahesabu. Nikaacha kula.

Bi Rehema akamaliza. Akarudia. Akasema kwa sauti ya asali, "Hebu, mke mwenzangu, niupapase na wako." Akapapasa. Ngoma ikanyamaza kidogo kubadilisha wimbo, na hapo hapo sauti yake ikajaa ua mzima: "Mwenzangu kapewa mia na ishirini. Mimi mia na kumi na nane. Viwili vyangu viko wapi?"

Bwana Shaame aliitwa kutoka upande wa wanaume. Kaja na wali kwenye vidole. Kaapa, kalia, kaeleza. Bi Rehema akasema yeye anarudi kwao kesho. Nyinyi mnacheka, mnasema mwanamke gani huyo atamwacha mume kwa vipele viwili vya uzi? Hakuwa akimwacha kwa vipele. Alikuwa amechoka na ile miaka yote ya kupimiwa mapapai.

Kesho yake asubuhi wamekuja humu wote watatu, na nusu ya arusi iko nyuma yao. Dirisha lile lilijaa vichwa. Bi Salma kachukua mkasi, kaufungua mkoba wa Bi Rehema kwa ndani, kauvuta uzi wa alama, kauinua juu ili kila mtu auone. Kijani.

"Chumu," kasema.

"Nilihesabu, Bi Salma," kasema Chumu. "Nilihesabu mara tatu."

"Hesabu sasa."

Chumu kaupokea mkoba. Kahesabu mbele ya watu wote wale, anagusa kimoja kimoja. Mia na kumi na nane. Kahesabu tena. Kautazama ule uzi wa kijani, kaugusa kwa kidole kama anayeuliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi ni mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, niliweza kulionja. Nikaliona jembe la Kiuyu, nikalimeza lile neno. Hakuna aliyenizuia kusema, hakuna aliyenitisha. Niliona aibu siku ile, na aibu yenyewe mpaka leo haijapungua.

Sheria ilikuwa mara tatu. Kwa Chumu ilikuwa ya kwanza. Lakini mbele ya vichwa vile vyote, na mume wa watu analia, na jina la chumba linaondoka, Bi Salma aliivunja sheria yake mwenyewe. "Kafunge nguo zako, mwanangu," kamwambia. Hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Chumu kaiweka sindano yake juu ya mkeka, kaenda. Alirudi Tumbe na pikapu ya Bwana Shaame huyo huyo, kakaa nyuma katikati ya matenga matupu ya samaki. Mimi nilimsaidia kupandisha mzigo.

Mnataka kujua mikoba iliishaje? Bi Salma alijaribu kwanza kumshonea Bi Rehema vipele viwili kwenye mkono wa mkoba, hesabu ikatimia. Bi Asha akaruka. "Mbona wake una vipele mkononi na wangu hauna?" Akashonewa na yeye viwili. Bi Rehema akasema sasa mwenzake ana mia na ishirini na mbili. Bwana Shaame kaegemea ukuta, macho kayafumba, anasoma dua. Hapo Bi Salma kaikusanya mikoba yote miwili, kaitoa bitana, katafuta ncha ya uzi, kavuta. Kaifumua mbele yao, ule na ule, rrrr, mpaka ikabaki mipira miwili ya uzi. Kawapa kila mmoja mpira wake mapajani. "Haya," kasema. "Sawasawa." Wake wenza wale walitazamana, na kwa mara ya kwanza nikawaona wanacheka pamoja kikweli. Bi Rehema hakurudi kwao.

Mikoba mipya niliifuma mimi, yote miwili, kila kipele naweka punje ya mahindi kwenye bakuli. Bi Salma kaipapasa. "Mm," kasema. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo.

Sijakosa hesabu tena tangu hapo. Nikawa fundi, nikawa mkubwa wa chumba, na Bi Salma alipofariki akakiacha mikononi mwangu. Nyinyi mmekuja na mambo yenu. Mna video, mnaisimamisha, mnairudisha nyuma, yule mwanamke wa kwenye simu hachoki wala hapigi mtu vidole. Mna kile kidude cha plastiki kinachohesabu mistari kwa kubonyeza. Mimi nilikipinga, mnakumbuka, nikasema mtu ahesabu kwa kichwa chake. Halafu Maryam alikisahau hapa, nikakijaribu mlango umefungwa. Kitamu kweli. Ndiyo, Maryam, ni mimi niliyekimaliza betri.

Na Chumu je? Tulikuwa tukionana arusini na misibani, miaka nenda rudi. "Hujambo, Mize?" "Sijambo, Chumu, watoto hawajambo?" Hakupata kutaja mkoba. Nikajipa jibu linalonifaa: Chumu anajua, keshanisamehe kimoyomoyo, ana adabu zake hataki kunifedhehesha. Nililala vizuri na jibu hilo.

Mwaka huu baada ya Idi nilikwenda Tumbe kumtazama mtoto wa ndugu yangu aliyejifungua. Nikapitia dikoni. Chumu sasa ni mtu mkubwa pale, ana majiko yake ya kuchemshia dagaa, ana wanawake wanaomfanyia kazi, ukiuliza Bi Chumu hata paka anakuonesha. Walikuwa wanapakia ndoo za dagaa kwenye gari. Binti yake anahesabu kwa sauti, na yeye Chumu kakaa kawapa mgongo.

Nikamtania. "Tajiri mzima, hesabu unamwachia mtoto?"

Akacheka. "Wewe wa kuniuliza hilo, Mize? Si ulikuwapo? Mie hesabu zilinishinda tangu ule mkoba."

Nikadhani ananitupia neno. Nikamtazama usoni. Hakuwa ananitupia neno lolote.

"Nilihesabu mara tatu siku ile nikapata mia na ishirini," kasema, "kumbe kichwa kinanidanganya. Tangu hapo sikiamini. Nikipika namuuliza binti yangu nimetia vikombe vingapi. Nikisali peke yangu, nafika katikati nasita, hizi rakaa mbili au tatu? Narudia. Magoti yanauma, Mize, lakini narudia." Kasema hivyo huku anacheka, kama mtu anayeeleza kilema alichozaliwa nacho.

Wanangu, miaka yote nilikuwa nikidhani nimemwibia kazi. Sikujua kwamba nimemwibia na kichwa chake.

Nikamwambia. Pale pale, nimesimama kwenye maji ya dagaa, nikamwambia uzi mwekundu na uzi wa kijani, na ndoo yake ya mferejini, na jasho langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vilikuwa mia na ishirini?" kauliza.

"Mia na ishirini, Chumu. Hukukosa hata kimoja."

Kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kalia kwa muda, mikono imelala mapajani. Nilipoinama nimshike, kachota dagaa viganja viwili, wabichi, kanimwagia kifuani. Buibui la Idi! Wanawake wote wakaacha kazi wakatazama. Nikasimama nikangoja kama ataongeza. Kaongeza.

Kisha kasema, "Mie nilitolewa mbele ya watu. Na wewe utasema mbele ya watu, humo humo chumbani. Na usipunguze."

Basi sasa mnajua kwa nini nilikubali haraka mliponiomba nihadithie. Na yule mama aliyekaa pale kwenye mkeka karibu na mlango, yule mnayeulizana wiki hizi tatu ni nani, anayeshuka kwenye gari kila Jumatatu ananukia dagaa, anakaa kufuma na hataki asaidiwe na mtu, yule ambaye Salha juzi alimwambia, "Bibi, kwa umri huu si ungejipumzikia tu?" Huyo ndiye Chumu. Inuka, Salha, kamwamkie. Piga goti kabisa. Simu iache hapo hapo, iendelee.

Chumu, dada yangu. Nimesema yote, sijapunguza. Mkoba uliopungua ulikuwa wangu. Wako ulitimia. Nakuomba radhi mbele ya watoto hawa, na neno utakalonirudishia, liwe lolote, nitalipokea.

Hajainua kichwa. Mkoba anaoufuma uko mapajani, kaugeuza upande wa vipele, kidole chake kiko mstari wa mwisho. Kaninyooshea kiganja.

"Ngoja, Mize," kasema. "Nahesabu."